Makofi Nyuma ya Mashine ya Mpunga

Mambo yale yote yaligharimu magunia kumi na moja ya mpunga, meno manne, jicho moja la kushoto na mtoto wa watu. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lile lile. Magunia yalisharudi, maana Ifakara mpunga haujakataa kuota. Meno na jicho ni vya mdogo wangu, na vyenyewe havioti. Mtoto wa watu ndiye anayenifanya niandike.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikwenda Dar kupakia mizigo akarudi na begi moja na tabia ya kujidunga unga. Mimi nauza mchele. Nimegombana na madalali wa lumbesa, yale magunia ya kuzidisha kipimo, miaka mingi, namjua mtu anayeficha kitu kwa jinsi anavyosimama. Jua linachoma, yeye kavaa mikono mirefu. Siku moja nikamkamata mkono nikapandisha shati: mishipa imekuwa migumu na myeusi, na kwenye kiwiko jipu linatoa usaha. Nikampiga. Akanipiga. Tukavunja kiti na kioo cha kabati. Kwetu huo ndio ukawa mkutano wa familia.

Kijiwe chao, yeye na wenzake wa kujidunga, kilikuwa Lipangalala, nyuma ya mashine ya kukobolea, pale wanapomwaga pumba. Nilipoanza kuwafahamu walikuwa tisa. Mmoja akafa kwa kifua kikuu. Mmoja jipu la paja likaoza mpaka likaingia kwenye damu. Wawili walikuwa na virusi, wakaacha dawa kwa sababu kila wakikaa kwenye benchi la kliniki watu walikuwa wanahama na mikoba yao. Mmoja alikutwa asubuhi amekaa vizuri kabisa, bomba la sindano bado liko mkononi, mwili umepoa. Bomba moja walikuwa wanalitumia watu watatu, na sindano ikibutuka wanainoa kwenye ubavu wa kiberiti. Tisa toa watano. Nilirudia hesabu nikitumaini nimekosea. Wakabaki wanne: mdogo wangu, kijana mmoja mrefu wa Mang'ula, na wawili ambao hawakukaa sana mjini.

Dawa aliitoa mjomba. Kwetu mtu akishindikana nyumbani anapelekwa shamba.

"Kaamie naye ndege," alisema. "Huko Malinyi kete ya unga ataichimba ardhini?"

Mashamba yetu yako bondeni, upande wa Malinyi. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia inahamia huko na kuishi kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, kazi ikiwa ni kufukuza ndege tangu kunakucha. Mvua ikishakaza hakuna barabara. Tukaenda watu watatu: mimi, mjomba na yeye.

Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilimshika kabla hatujamaliza kuezeka. Alitapika, akaharisha, akawa anajigonga paji la uso kwenye nguzo mpaka damu ikashuka machoni. Mjomba alipomsogelea, akalengwa kwa kombeo, donge la udongo likampasua sikio. Mjomba akamkandamiza kwa goti, akamfunga kwa kamba ya katani. Akaitafuna kamba. Akanitafuna na mimi. Alama ya meno yake ninayo mkononi hadi leo, na kati ya meno yaliyoiweka manne hayapo tena. Ndege wa siku zile walikula kwa raha, hakuna aliyekuwa na muda nao.

Halafu ikaisha. Siku moja aliomba uji, akamaliza, akaomba mwingine. Akanenepa. Akaanza kupiga kelele za ndege kwa sauti nzuri mpaka majirani wa madungu ya mbali wanamjibu. Tulivuna magunia kumi na moja, na kuna siku nilimkuta anayahesabu mara mbili, nikageuka pembeni asione uso wangu.

Tuliporudi mjini tulichinja jogoo. Mjomba alitembea na bandeji yake ya sikio kama nishani. "Kapona. Shamba ni hospitali," aliwaambia hata watu wasiomuuliza.

Hakuna kati yetu aliyejua kitu kimoja. Mwili uliokaa miezi bila unga unasahau kuuvumilia. Mtu mwenyewe hasahau kipimo. Sisi tulidhani mwili uliopumzika una nguvu zaidi.

Siku ya kukoboa tulikwenda wote mashineni, mchana kweupe. Mimi nikabaki kwenye mizani nikibishana na mpimaji, maana mizani ile ilikuwa na njaa. Mdogo wangu akaenda nyuma kuwasalimia wenzake. Akajidunga kiasi kile kile alichokizoea kabla ya shamba.

Yaliyofuata niliambiwa baadaye na mwanamke anayepepeta chenga pale. Alianguka kwenye pumba, akawa anakoroma kama msumeno, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Yule mrefu ndiye aliyekuwepo. Kijiweni walikuwa na huduma moja tu ya kwanza: mtu akizidiwa asiachwe alale. Anamwagiwa maziwa ya baridi mdomoni, anapigwa makofi mpaka afumbue macho. Maziwa hayakuwepo. Mrefu akamvuta kwa ukosi wa shati mpaka barabarani penye hewa, akamkalia tumboni, akaanza kumpiga.

"Amka! Amka we mbwa! Usinifanyie hivyo!"

Kijana wa bodaboda akapita, akaona mtu kakaliwa anapigwa makofi. Akaegesha.

"Mwizi huyo?"

Mrefu hakumsikia. Bodaboda akajijibu mwenyewe. "Mwizi!"

Neno hilo halihitaji spika. Nilipozunguka ukuta wa mashine nilikuta watu wamejaa, mmoja na mpini wa jembe, mmoja na tofali, wengine na viatu vyao tu. Mpini ulishuka kwenye mdomo wa mdogo wangu nikasikia meno. Hakulia. Hilo likawakasirisha zaidi.

"Ona lilivyo sugu!"

"Simpigi, namwamsha!" Mrefu alikuwa amemlalia juu sasa, mikono yake kichwani kwa mwenzake. "Kazidiwa huyu! Namwamsha tu!"

"Kumbe wako wawili!"

Tofali lilimpata nyuma ya sikio. Niliona kichwa chake kikienda mbele kama mtu anayekubali.

Pale sokoni watu hawa hawa wanauliza bei ya fungu la nyanya mara tatu kabla ya kutoa mia tano. Hakuna aliyekuwa ameuliza kumeibiwa nini. Nikaingia katikati kwa viwiko, nikapanda juu ya ndoo ya mtu, nikapiga kelele ninayopigia madalali.

"Kaiba nini? Nalipa mara mbili! Nani kaibiwa? Taja bei yako nalipa sasa hivi!"

Mpini ukasimama hewani. Watu wakaangaliana.

"Simu," akasema mmoja.

"Ya nani?"

"Yangu."

Alikuwa ameishika. Alikuwa anarekodi nayo.

Mtu mmoja akacheka, kicheko kifupi cha aibu, na kundi likaanza kukatika kuanzia nyuma, kila mmoja akikumbuka alikokuwa anakwenda. Bodaboda yule akaondoka bila kuwasha, akiisukuma pikipiki. Polisi walipokuja kuuliza, kila shahidi alikuwa amechelewa kufika.

Mrefu alikuwa bado na fahamu. Mdomo umejaa damu, akanishika kanga.

"Dada, pumzi. Mpulizie."

Nikampulizia mdogo wangu mdomoni, kwenye yale meno yaliyovunjika, bajajini mpaka hospitali. Huko walimfunika pua na mdomo kwa mpira wa hewa, wakawa wanaubinya, wakamchoma sindano, na kifua kikapanda chenyewe. Jicho la kushoto, lililopasuliwa na kile kipigo, hawakuliweza. Tabibu akaniambia makofi hayaleti pumzi, kinachotakiwa ni kumpulizia hewa, na kwamba watu hawa wengi hufa siku za mwanzo wakitoka mahali walipokaa bila unga, iwe jela, wodini au shamba. Nikamuuliza kwa nini mambo hayo hayasemwi. Akasema mimi ndiye wa kwanza kumuuliza. Ipo dawa ya kuzima hamu ya unga, ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, alisema, lakini kwetu haikuwepo, na inakotolewa ni mbali mno kwenda na kurudi.

Mrefu alilazwa kitanda cha pili. Magunia yote kumi na moja yaliuzwa kwa ajili yao wawili. Kichwa chake kilikuwa kinavimba kwa ndani, na siku ya tatu akafa. Hakuuawa na unga. Nimemweka kwenye hesabu hiyo hiyo, sioni pengine pa kumweka.

Wiki iliyopita mama yake alikuja kutoka Mang'ula. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti, akakaa mkekani.

"Nimekuja kudai," alisema.

Nikaanza nilivyozoea. "Mama, msimu huu nakupa magunia mawili." Nikaongeza. "Matatu, na nauli."

"Nimesema naomba mpunga?" Akamwonyesha kwa kidevu mdogo wangu, aliyekuwa mlangoni na jicho lake moja. "Wangu alikuwa ananiamia ndege. Siyo kila mwaka, miaka akiwa na akili zake. Nipeni huyu msimu mmoja. Namrudisha."

"Nitakwenda, mama," akasema mdogo wangu, kabla sijapata bei nyingine.

Alirudia kujidunga majeraha yalipopona, na mikono mirefu ameshaivaa tena. Kwa hiyo atatapika kwenye dungu la mtu mwingine, atanenepa, na atamsaidia mama yule kuvuna. Sikulipinga dai. Linalonikosesha usingizi ni pale aliposema anamrudisha, maana Mrefu hayupo tena kumvuta kwenye hewa.

Mpunga wa Mang'ula umeshaanza kutoa masuke. Kama uliwahi kumpokea mtu wa namna hii akitoka shamba au jela, na mkaamka wote wawili kesho yake na kesho yake tena, naomba uniambie siku ile ya kwanza ulimweka wapi, ulimwambia nini, na nani alikaa naye.