Televisheni niliyomchagulia baba imenifanya niitwe mwizi

Nimeufuata ukurasa huu muda mrefu. Nimecheka matatizo ya watu humu, na wengine nimewasema vibaya kwenye maoni. Leo zamu yangu imefika, naomba mnifichie jina.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nimeachika, nauza vitenge, naishi Kinyerezi kwenye chumba cha uani nyumbani kwa baba yangu. Baba ni mwalimu mstaafu, kapita sabini, na mama alishatangulia. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi Segerea na familia yake. Kaka ana kazi nzuri. Kwa hiyo kwetu yeye akisema jambo ni wazo, mimi nikisema ni kelele.

Televisheni ya baba, ile ya zamani yenye kichogo, ilikufa mwaka huu. Kaka akanitumia hela na maagizo: mzee anunuliwe inchi hamsini na tano, afaidi mpira. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu kwenye kununua vitu sidanganyiki, muuzaji akinitajia bei nacheka kwanza. Nilipima kwa futi kutoka kwenye kochi mpaka ukutani, nikaulizia majirani ipi inavumilia umeme wa kukatika na kurudi, ipi ikiharibika vipuri vyake vinapatikana. Nilijiona nimeiva.

Baba akasema lazima twende wote. Tukaenda duka moja Mwenge. Televisheni zimejipanga ukuta mzima, zinaonyesha samaki na maua, sauti zimezimwa. Dada muuzaji akamwambia, "Shikamoo mzee, ebu cheki rangi hizo." Baba kila tukisimama anajibu kitu kimoja tu, "Marahaba, ongeza sauti." Nikaona ni mambo ya wazee. Halafu akasogea mwenyewe mbele ya moja kubwa, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ndiyo," akasema. "Picha yake imetulia."

Ile televisheni ilikuwa imezimwa. Hata kwenye umeme haikuchomekwa. Muuzaji akaniangalia, mimi nikaangalia chini.

Tulipotoka nje, baba akanishika mkono. "Umeona, mama?" Nikamwambia nimeona. Ndipo akanieleza kwamba jicho la kulia lilishakufa zamani, na la kushoto linaona moshi. Kumbe kila Jumamosi akiniita nimsomee somo la kanisani, eti anataka kujua kama bado nasoma vizuri, alikuwa anakariri. Jumapili anasimama mbele ya waumini, Biblia imefunguliwa mikononi, analitoa lote bila kukosea. Sikujua nicheke au nilie.

Akaniapisha kwa jina la mama nisimwambie mtu. "Kaka yako akijua atanihamishia kwake, nikae chumba cha wageni, na nyumba hii aipangishe. Mimi na mama yako tumeijenga kwa mshahara wa chaki. Humu ndani hata nikipapasa najua nilipo." Nikaapa. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Basi nikanunua inchi thelathini na mbili na spika nzuri za kuchomeka pembeni, maana mwenye kusikiliza anahitaji sauti, si ukubwa. Siku ya mpira baba alicheka mpaka nikafurahi. Kwa hela iliyobaki nikampeleka kwa daktari wa macho. Akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni bila kukosa. Nikawa namwekea mimi, kwa sababu mikono ya baba inatetemeka.

Wiki mbili baadaye kaka akaja. Hata hajakaa, akauliza, "Sista, hii ndo hamsini na tano?"

"Mzee ameitaka hii."

"Mzee anajua nini kuhusu inchi? Hela nyingine iko wapi?"

Nikamwangalia baba. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Baba akakohoa, akasema, "Muulize mdogo wako. Mimi nimeletewa tu."

Jamani, niliumia. Hata siku niliyoachwa sikuumia hivyo.

Kaka akaichukua ile televisheni na spika zake, akaleta dude kubwa, akalitundika ukutani. Sauti yake nyembamba, inatokea nyuma, inaongea na ukuta. Baba anakaa mbele yake kila siku na kusema safi sana. Picha ikawekwa kwenye grupu la familia, ndugu wa bara wakampongeza kaka, mimi wakanitumia methali za wezi. Na kaka amenipa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimehama. Kasema ameshampata dada wa kazi wa kumpikia mzee. Huyo dada habari za dawa hatazijua, maana hakuna anayetakiwa kuzijua.

Nimembembeleza baba amwambie kaka hata nusu. Ananijibu kiapo ni kiapo.

Jana nilikuwa napanga vitenge kwenye begi. Baba akaja akifuata ukuta mpaka mlangoni kwangu. Nilidhani amekuja kunizuia. Akasema, "Kabla hujaondoka, mama, nifundishe kujiwekea ile dawa." Tukakaa kitandani tukajaribu mara saba. Matone yote yalimwagika shavuni. Akajifuta kwa kiganja, akaniambia kesho turudie.

Nikisema, nimevunja kiapo cha marehemu mama na baba anapoteza nyumba yake. Nikinyamaza, anapoteza jicho lililobaki. Zimebaki siku tisa. Ninyi wenye wazazi, nishaurini, nifanye nini?