Mama Kwenye Lango la Ukaguzi

Mama yangu ana chuma kwenye paja. Aliwekewa baada ya kugongwa na pikipiki akitoka shambani, hapo kwetu Kinjumbi, na kwa kawaida humsumbua wakati wa baridi tu. Siku tuliyokuwa tunakwenda Mwanza kumwozesha mdogo wangu wa kike, kilimponza uwanja wa ndege.

Alipita langoni, likalia. Akarudi, akavua bangili na viatu. Likalia tena.

"Ana chuma mguuni, alifanyiwa upasuaji," nikamwambia mkaguzi.

"Lazima apekuliwe kwa mkono, na mimi mwanamume siwezi. Asubiri mwenzangu wa kike."

"Yuko wapi?"

"Ameitwa upande wa pili."

Nilishukuru kwamba hakumgusa. Lakini mama alikuwa amesimama peku, mkono ukutani, watu wanampita wakimwangalia kama mwizi. Nikaomba kiti. Nikaambiwa viti viko ng'ambo ya lango, na huko hajaruhusiwa.

Mama akashika baibui lake, akamgeukia mkaguzi. "Baba, nikuonyeshe kovu hapa hapa, mbele za watu?"

Yule kijana akainamisha macho. "Utaratibu ndio huo, mama. Si mimi."

Mkaguzi wa kike alipofika alimwamkia shikamoo, akampeleka nyuma ya pazia, wakatoka mara moja. Mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa.

Baba ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii, mwenye haki ya kumwozesha bibi harusi. Nilikaa kwenye benchi nikampa shehe idhini kwa simu, amwozeshe dada yangu kwa niaba yangu, huku spika ikitangaza safari za watu wengine. Mama alisikiliza mpaka vigelegele vilipopigwa, akanirudishia simu.

Kesho yake tulipofika, shemeji yangu mpya alisema kazi ile ya ukaguzi serikali iwaachie makampuni. Nilimjibu kwa ukali asiostahili. Kampuni ikija na lango lile lile, na mwanamke mmoja kwa uwanja mzima, kitakachobadilika ni rangi ya shati. Sitaki ukaguzi ufutwe. Nami napanda ndege, na kufa naogopa. Nataka kila lango liwe na mwanamke, na kiti, na mtu mwenye ruhusa ya kuamua. Wakaguzi wa serikali wakishindwa hayo, hapo ndipo waondolewe.

Kurudi, mama alikataa katakata kupanda ndege. Tulikuja kwa basi, na tulipofika nyumbani mguu ulikuwa umevimba, kiatu hakiingii.