Sinki la Maonyesho

Shule yangu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya ukumbi wa kunyanyulia vyuma, na mlangoni iliandikwa kwa herufi za kijani kwamba hapa wanasomeshwa wanasayansi wa kesho. Wa leo walikuwa wanaleta chumvi ya majaribio kutoka nyumbani. Nasema hivyo bila kutia chumvi.

Kwa asiyeijua Stockholm, nieleze. Ukimaliza miaka tisa ya shule unachagua mwenyewe sekondari ya juu, na serikali inalipa, shule iwe ya manispaa au ya kampuni. Kila mwanafunzi anakwenda na fungu lake la fedha, kwa hiyo shule za kampuni zinakutongoza. Yangu ilikuwa ya kampuni, ya hisabati na sayansi tupu. Siku ya kwanza walitupa laptopu mpya, kuponi za chakula cha mchana kwenye mgahawa wa piza, na kikombe chenye picha ya atomu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimeitaka ile laptopu kupita kiasi.

Mama alinionya. Alikuja huku zamani kutoka Tanga kusomea uuguzi, akabaki, na hababaishwi na karatasi ya kung'aa. Alikipekua kijitabu cha shule chenye picha za vijana wenye meno mazuri, akakirudisha mezani.

"Kizuri chajiuza," alisema, "kibaya chajitembeza."

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama tulivyozoea watoto wengi wa mtaa wetu wa Hjulsta, kwamba mambo ya shule za hapa hayajui. Kulikuwa na shule ya zamani ya manispaa, yenye maabara za kweli na walimu waliozeekea humo, na alama zangu zilitosha kuingia. Niliikataa kwa sababu korido zake zilinuka dawa ya kupigia deki. Huo ndio ulikuwa uchambuzi wangu wa kisayansi.

Mkuu wetu wa shule alivaa suti na raba nyeupe. Alikuwa ameuza simu kabla ya kugundua kwamba elimu nayo inauzika, na haina hata haja ya kuwa na chaji. Alikuwa na jibu moja kwa kila swali: kiko njiani. Maktaba iko njiani. Mwalimu wa fizikia yuko njiani, na kweli walikuja watatu mwaka wa kwanza, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiuliza tumefika ukurasa gani. Majaribio tuliyatazama kwenye laptopu. Mwanamke fulani wa nchi nyingine aliangusha mpira, nasi tukaandika ripoti kana kwamba tumeuangusha wenyewe.

Maabara ilikuwepo. Ilikuwa mwisho wa korido, na ilifungwa kwa ufunguo mwaka mzima isipokuwa siku ya milango wazi, siku ambayo wazazi na watoto wao wanakuja kutazama kabla ya kuchagua. Ndani mlikuwa na meza nyeupe, bilauri za vipimo, na sinki zuri la chuma lenye bomba refu lililopinda. Siku moja ya namna hiyo niliinama nikafungua kabati la chini yake. Hakuna bomba la kuleta maji, hakuna bomba la kuyatoa. Sinki lilikuwa limekazwa kwa skrubu juu ya meza, basi. Nilimuuliza mkuu wa shule, naye akaniambia kwa tabasamu kwamba maji yako njiani.

Mwaka wa pili walinifanya balozi wa shule, wa kupokea wageni siku ya milango wazi. Sikuwa wa kwanza darasani wala wa pili, lakini uso wangu ulikuwa na manufaa kwenye picha, na hilo hata mimi nililijua. Nikapewa koti jeupe la maabara, bado lina mikunjo ya pakiti, nikaambiwa nitayarishe jaribio lenye rangi. Kemikali? Ziko njiani. Basi nikanunua kabichi la zambarau, nikalichemsha nyumbani kwenye sufuria ya ugali, maana maji yake ukiyatia siki yanakuwa mekundu, na ukiyatia magadi yanageuka buluu. Nyumba ikanuka. Mama alirudi kutoka zamu, akafunua sufuria.

"Shule ya sayansi imekosa kabichi?"

"Mama, ni jaribio."

"Jaribio wanafanya wao, au nafanya mimi na jiko langu?"

Nilijaza chupa tatu, nikapanda nazo treni ya chini ya ardhi mpaka mjini. Maji ya kujaza bilauri niliyakinga chooni, ghorofa ya chini, nikayapandisha kwa jagi nililolifunika na koti.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Wageni walikuja wengi, na kila kimiminika kilipogeuka rangi walipiga makofi, watu wazima na akili zao. Ndipo nikamsikia mama mmoja akimwambia binti yake kwa Kiswahili, "Uliza, usiogope," na binti akimjibu kwa Kiswidi kwamba haogopi. Nikamwamkia shikamoo. Mama akacheka kwanza, maana kwao Burundi hawana sana amkio hilo, kisha akaitika marahaba na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Walikuwa wametoka Upplands Väsby, mji ulio kaskazini ya Stockholm. Mkuu wa shule, mwenye pua ya mfanyabiashara, alifika papo hapo akaniomba nitafsiri.

"Mwanangu," yule mama akaniambia, "huyu anapenda kemia kupita chakula. Anataka kuwa mfamasia. Shule ile ya manispaa wanaweza kumchukua, na hii pia, na siku za kuchagua zinaisha. Mimi Kiswidi chao cha shule kinanishinda. Muulize, hapa mikono yake itafanya kazi, ao atakuwa anatazama tu?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Nikalipeleka kwa Kiswidi. Mkuu wa shule akatandaza mikono kuonyesha chumba kizima na kusema kwamba wanafunzi wake wako maabara kila wiki.

Ningeweza kusema lolote. Mle ndani, tukimwacha binti, hakuna mwingine ambaye angenielewa. Ningesema, mama, mpeleke manispaa, hili koti nimepewa jana. Badala yake nikasema, "Kila wiki, mama, tuko humu," na nikaongeza kwa hiari yangu kwamba walimu wanatushika mkono mpaka tuelewe. Hilo hata mkuu wa shule hakuthubutu kulisema. Kiswahili changu siku hiyo kilikuwa fasaha mno, Mama angekisikia angejivunia.

Binti, wakati huo, alikuwa amefika kwenye sinki na kuweka mkono juu ya bomba.

"Usifungue," nikamwambia upesi kwa Kiswidi. "Limesafishwa sasa hivi." Akauondoa mkono, mtoto mwenye adabu.

"Na mama yako," yule mama akauliza, "amefurahi wewe kusoma hapa?"

"Sana," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Mkuu wa shule hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Ukweli unaniaibisha zaidi: yule mama alilitazama koti langu kama mtu aliyeona matunda ya safari yake, na nilipenda kutazamwa vile. Tena kumwambia asimlete binti yake kungekuwa ni kukiri kwamba mimi nilinunuliwa kwa laptopu, na kwamba Mama alijua tangu mwanzo. Mkuu wa shule niliyekuwa nikimdharau alidanganya kwa mshahara. Mimi nilidanganya bure.

Agosti, siku ya kwanza ya muhula, mlango wa maabara ulikuwa wazi kwa sababu walikuwa wanahifadhi viti. Nilipopita nilimwona yule binti. Alikuwa peke yake katikati ya viti vilivyopangwa mpaka darini, mkoba mpya mgongoni, kikombe cha atomu mkononi. Akajipenyeza mpaka kwenye sinki, akafungua bomba. Akalizungusha upande mmoja, kisha upande wa pili. Halafu akafanya kama nilivyofanya mimi: akainama na kufungua kabati la chini.

Aliponyanyuka aliniona mlangoni. Wanafunzi wengine walikuwa wanapita nyuma yangu, na nadhani hakutaka wasikie, kwa maana alisema nami kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza, polepole, kila neno akilitafuta.

"Dada, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, tena kwa tabasamu, kwamba maji yako njiani.