Mshikio wa Mkono wa Kushoto

Mume wangu ameniomba nisilisimulie jambo hili kanisani, na kanisani sijalisimulia. Wewe nakusimulia. Sikuwa naota, sikuwa na homa, na pombe sijaonja tangu nibatizwe. Lilinitokea mchana, saa tisa, katika duka langu la picha hapa La Rochelle, Joburg. Ukiona natia chumvi, njoo uushike mshikio wenyewe.

Kwanza ujue shida niliyokuwa nayo. Mwezi mmoja kabla, upepo ulibamiza mlango wa kioo, kioo kikanikata chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Hospitali walinishona, ngozi ikapona vizuri, lakini kidole kikagoma kukunjika. Picha za pasipoti niliendelea kupiga, maana kamera za siku hizi ni nyepesi. Shida ilikuwa kamera ya baba. Ni ile ya zamani ya macho mawili, nzito kama tofali, unaishika tumboni kwa mikono miwili huku ukichungulia kwa juu. Baba alifanya nayo kazi Bukavu maisha yake yote. Na nilikuwa nimemwahidi jirani yangu Furaha, msusi, kwamba Jumamosi ya wiki ile nitampigia picha za harusi yake kwa kamera hiyo.

Furaha hakutaka nyingine. Kamera hiyo ndiyo iliyopiga harusi ya wazazi wake, na picha zile ziliungua pamoja na nyumba yao wakati wa vita. Wazazi wenyewe hawapo tena. Ungekuwa wewe, ungemwambiaje binti kama huyo kwamba huwezi? Nilijizoeza siku tatu. Mara mbili kamera iliniponyoka, ikaangukia godoro nililotandika chini kwa makusudi, na kanisani nisingeweza kutandika godoro. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu kimoja tu kiligoma, kazi nzima ikalala.

Alhamisi nikakumbuka kipande cha mti nilichokikuta ndani ya katoni ya vikorokoro vya kamera. Katoni niliinunua kwa Jules, Mkongo mwenzetu anayeuza vitu vya mitumba Rosettenville. Kilikuwa mshikio mweusi uliochongwa mabonde manne ya vidole, juu una skrubu, mbele una kifyatulio kidogo. Nilidhani ni mshikio wa flashi. Nikajaribu kuufunga kwenye kamera, skrubu ikaogelea ndani ya tundu. Nikiukamata, vidole vyangu vinapishana na mabonde, kana kwamba aliyeuchonga alikuwa anamchongea nyani. Nikaona dawa ni kuyafuta mabonde yale kwa msasa.

Ndipo mvua ya mawe ikaanza. Unazijua mvua za Joburg za alasiri: jua kali, mara giza, mara mabati yanapigwa hadi husikii mawazo yako. Umeme ukakatika. Nikageuka kutafuta tochi, na kwenye kiti cha wateja alikuwa ameketi mzee.

Amini usiamini, sikushtuka. Nilidhani nimemfungulia geti mwenyewe nikasahau, maana siku zile kichwa changu hakikuwa na mahali pa kuweka kitu kingine. Alivaa koti la kijivu na tai. Akaninyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama tunavyofanya kwetu mtu akiwa na mikono michafu. Nami tangu niumie nasalimia hivyohivyo. Tukagusanisha vifundo, tukacheka wote wawili. Chake kilikuwa baridi sana, nikajiambia ni mvua. Lakini koti lake lilikuwa kavu. Mtu mwenye akili angeuliza maswali. Mimi nilimpa pole ya mvua.

"Mama, weka msasa chini," akasema kwa Kiswahili cha Lubumbashi. "Hii haiko ya flashi. Ona tundu hapa. Iko ya kupitisha waya."

Kweli, tundu jembamba lilitoka kwenye kifyatulio hadi juu. Mimi nilidhani limetobolewa na mdudu. Akanieleza kwa subira: mshikio wa flashi hukaa ubavuni mwa kamera na kazi yake ni kubeba taa. Huu hukaa chini, pale pa kufungia stendi ya miguu mitatu. Waya unapita ndani yake mpaka kwenye kitufe cha kupigia picha, kwa hiyo mkono unaobeba kamera ndio huohuo unaofyatua.

"Mbona skrubu inaogelea?" nikauliza.

"Kamera za zamani tundu yao iko kubwa. Inaomba pete."

Akatoa mfukoni kipete cha shaba, akakizungusha ndani ya tundu la kamera kwa mkono wa kushoto. Skrubu ikakaza. Mkono wake wa kulia ulilala pajani muda wote, hausogei. Akaniambia nishike. Nikashika kwa kulia, mazoea hayana tiba, akatikisa kichwa.

"Ule mwingine, mama. Iko ya kushoto."

Niliona aibu. Miaka ishirini katika kazi hii, na sikuwa nimejiuliza mabonde yale yanafuata mkono upi. Nikahamisha. Vidole vikaingia, ila vilipwaya, maana mabonde yalikuwa ya mkono wa mwanaume. Mzee akafunika vidole vyangu kwa vyake, akabana.

Sasa nisikilize vizuri. Mti ulibonyea. Ulibonyea taratibu chini ya vidole vyangu kama bukari ya moto, yaani ugali wetu, unapoikanda tonge, bila kupasuka, mpaka kila kidole kikapata mahali pake. Hapo niliogopa.

"Usiogope," akasema. "Na mimi nililia siku mkono wangu ulikufa. Kisha nikapiga harusi nyingi."

Mvua ikakata. Akasema anaondoka. Nikaharakisha kumfungulia geti, nikakuta kufuli liko vilevile nilivyolifunga saa sita, na ufunguo uko shingoni mwangu. Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu na sakafu kavu. Kipete cha shaba kilikuwa bado ndani ya kamera.

Nilimpigia simu Jules. "Eish, mama, ile katoni?" akasema. "Ilitoka chumba kimoja Bellevue. Mzee wa Lubumbashi, mupiga picha. Alipooza upande wa kulia, akajichongea kile kipini mwenyewe. Tulimuzika wakati wa baridi."

Usiku huo sikulala. Lakini Jumamosi nilisimama kanisani, mkono wa kushoto umebeba kamera ya baba na kuifyatua kwa waya niliouokota ndani ya katoni ileile, vidole vya kulia vinazungusha gurudumu la kulenga, kazi isiyohitaji gumba. Haikuniponyoka hata mara moja. Nilipompelekea Furaha picha, aliitazama ile aliyosimama na mumewe mlangoni, akasema, "Mama yangu alisimama hivi." Tukalia sote, na mume wangu akajifanya anajibu simu.

Kidole changu hakijakunjika mpaka leo, na sikidai tena. Mshikio haumkubali mtu mwingine. Mume wangu alijaribu, akasema unambana, akaurudisha upesi. Mimi naona mabonde yanazidi kuingia mwezi hadi mwezi, yakifuata vidole vyangu vifupi, na nimeshaelewa yananipeleka wapi. Siku moja vitu vyangu navyo vitatiwa katoni, na mtu aliyekata tamaa atavinunua.

Kwa hiyo nakuonya. Ukipata kitu cha kale chenye alama za mkono wa mtu, usikipige msasa kabla hujamjua aliyekishika. Na akitokea dukani kwako mama mfupi, mnene, mwenye maneno mengi, ambaye hukumfungulia mlango, tafadhali usikimbie. Nitakuwa nimekuja kukuonyesha mahali pa kuweka vidole.