Ndeshi Harudii Mtihani

Ukimtembelea Ndeshi pale Irving, jirani na Dallas, Texas, kabla hujamaliza kuvua viatu atakuwa ameshakwambia kwamba kidato cha nne alipata divisheni wani. Atakwambia hata kama ulichofuata ni chumvi. Nimekaa naye nyumba moja tangu mwaka 2017, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege zikipita vikombe vinalia kabatini, na katika muda wote huo sijawahi kumwona akiunguza chakula, akichelewa kazini au akimsifu mtu mwingine.

Anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, upande wa magari yaliyogongwa. Kazi anaiweza, lakini moyo wake uko kwenye sheria. Tangu akiwa shule Moshi alisema atakuwa wakili, na Texas alisoma digrii yake usiku na mchana kwa ajili hiyo. Chuo alichokitaka kilikuwa kimoja tu, kipo Houston, na alikuwa ameshajiona ndani yake kiasi kwamba alikuwa akikitaja anasema "chuoni kwetu."

Shida ya Ndeshi ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Angel.

Angel alisoma shule ileile ya Moshi, madarasa mawili nyuma yake. Kidato cha nne alianguka. Akarisiti, yaani akarudi kuufanya mtihani uleule akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Waliosoma Tanzania wanajua aibu ya jambo hili. Mtu aliyerisiti anaweza kuja kuwa mkurugenzi, ana gari na walinzi, na bado kwenye harusi kutakuwa na shangazi anayenong'ona kwamba yule alirudia. Hapa Texas Angel alikuwa kwenye ghala moja la Mesquite, anapanga maboksi, anamalizia digrii yake kidogokidogo, anacheka na kila mtu. Watu wanampenda bila kujua kwa nini. Ndeshi alikuwa hampendi, na sababu aliijua vizuri sana.

"Dada Ndeshi, na mimi nita-apply law school," Angel alisema siku moja, mdomo umejaa ndizi za Ndeshi huyohuyo.

Ndeshi aliweka upawa chini. "Wewe?"

"Mimi. Si umenipa moyo wewe mwenyewe?"

Hakuwa amempa moyo wowote. Alikuwa amejisifu tu, na Angel akasikia jema ndani yake, ndivyo alivyo.

Juni 2018 wote wawili wakafanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria, LSAT, ambao alama zake zinaanzia mia na ishirini na kuishia mia na themanini. Ndeshi aliufanya huku jino linamuuma, shavu limevimba, akapata mia hamsini na sita. Angel akapata mia arobaini na sita. Wiki ile Ndeshi alipika mtori, akaita watu, akampakulia Angel kwa mkono wake. "Pole mdogo wangu," akamwambia, "sheria si mchezo." Sijawahi kumwona mkarimu kama siku ile.

Septemba Angel akarudia. Mia hamsini. Alipopiga simu kutuambia, Ndeshi aliacha sahani yake mezani akaenda kulala na jua bado linawaka. Tofauti kati yao ilikuwa inapungua, na roho ilimuuma kama mtu aliyeibiwa.

Kesho yake akapata dawa. "Unajua vyuoni wana-average alama?" akamwambia Angel. "Wanajumlisha zote, wanagawanya. Na jina lako wanaliweka pembeni kwamba huyu ni mrudiaji. Kila ukirudia unajichafulia zaidi."

"Kweli, dada?"

"Mimi nitakudanganya?"

Tena hakuwa anadanganya. Aliamini hivyo kabisa. Hakuwa amemuuliza mtu, hakuwa amesoma popote. Alikuwa amebeba Tanzania yake kichwani na kuivalisha vyuo vya Marekani. Angel naye akaamini, kwa sababu aliyesema alikuwa na divisheni wani. Akasema basi, harudii tena, ataomba na alama aliyonayo na Mungu atajua. Ndeshi akamshika bega, uso umemjaa huruma. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikatamani kumrushia sponji.

Oktoba chuo kile cha Houston kikakaribisha waombaji waje kukiona. Tukaenda watatu, mimi nikiwa msindikizaji tu. Ndeshi alivaa suti ya bluu na viatu vilivyomkata vidole. Angel alivaa sweta. Tulipofika mlangoni Angel akamsifia mama mmoja wa mapokezi hereni zake, na kufumba na kufumbua akina mama wote pale wanamwita kwa jina, wanamwongezea kahawa, wanamwonyesha picha za wajukuu. Ndeshi alikuwa amesimama palepale na suti yake, hakuna aliyemuuliza anaitwa nani. Nilimwona anavyomtazama Angel. Alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama wenzake wakila.

Ukafika wakati wa maswali. Mkuu wa udahili, mama mrefu mwenye mvi, akauliza nani ana swali, na Ndeshi akasimama. Nikajua hapa kuna jambo.

"Ningependa kujua," akasema kwa Kiingereza chake cha ofisini, kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma, "chuo kinawachukuliaje waombaji waliofanya mtihani zaidi ya mara moja kwa sababu walishindwa." Kisha akageuka, akamtazama Angel, ili ukumbi mzima ujue wapi pa kutazama.

Angel akainamisha kichwa. Nilitaka kumvuta Ndeshi kwa suti akae chini.

Yule mama akatabasamu. Akasema asante kwa swali, kwamba watu wengi wanaogopa kuliuliza. Akasema wao huziona alama zote, hakuna inayofichika, lakini wanayoihesabu ni ile ya juu kabisa. Kama alama zimepishana sana, mwombaji aandike maelezo mafupi, aseme nini kilibadilika. Vyuo vingine vina namna yao, wakaulizwe wenyewe. "Lakini hapa," akasema, "ukijua unaweza zaidi ya ulichopata, rudi ukafanye tena. Mtu anayerudi huwa tunamtazama kwa makini."

Angel akainua kichwa. Ndeshi akakaa, polepole, kama kiti kina miiba.

Wakati wa kurudi Dallas Ndeshi ndiye aliyeendesha. Kiti cha nyuma Angel alikuwa anabonyeza simu, na kabla hatujafika Corsicana akapiga kelele, "Nimesha-register! Januari!" Ndeshi akaongeza sauti ya redio.

Januari Angel akapata mia hamsini na tisa.

Sitasimulia jinsi nyumba yetu ilivyokuwa wiki ile. Niseme tu kwamba milango ilibamizwa. Machi Angel akapata nafasi. Ndeshi akawekwa kwenye orodha ya wanaosubiri, na chuo kikamweleza wazi: kila kitu chake kizuri, alama ya mtihani ndiyo iko chini kidogo, na akifanya wa Juni, hiyo mpya wataitazama.

"Si ufanye?" nikamwambia. "Ule wa kwanza jino lilikuwa linakuuma. Sasa jino lenyewe limeshang'olewa."

"Mimi nirisiti, Theodora? Mimi?"

"Yule mama wa udahili si alikwambia mwenyewe, tena wewe ndiye uliyeuliza?"

"Yeye hajui. Kwetu mrudiaji ni mrudiaji. Nirudie halafu niwe sawa na Angel?"

"Utakufa na tai shingoni, mwanamke wewe."

Aprili Watanzania wakamfanyia Angel sherehe kwenye ukumbi mmoja hapa Irving. Edson, mshereheshaji wetu wa siku zote, akafika kwenye kipengele cha keki. Kwetu mwenye sherehe hulisha keki waliomlea, na wa kwanza huwa mzazi. Wazazi wa Angel wako Moshi, kwa hiyo Edson akamuuliza nani atasimama mahali pao.

"Dada Ndeshi," Angel akasema kwenye maikrofoni. "Mimi nilikuwa nime-give up. Yeye akasimama mbele ya watu wote akauliza lile swali nililokuwa naona aibu kuuliza. Bila yeye nisingekuwa hapa."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Edson akapiga muziki. Ndeshi ikabidi aende akicheza, maana huwezi kuitwa kwenye keki ukatembea kama unaenda posta. Alicheza na uso umekakamaa, akafika, akafungua mdomo, na Angel akamlisha. Nilikuwa nimeshika sahani karibu yao, nikasikia Angel anamnong'oneza: "Juni bado wanaandikisha, dada. Fanya, twende wote."

Ndeshi alimeza. "Hongera," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Juni ikaja, ikapita. Julai chuo kikamjulisha kwamba orodha ya wanaosubiri imefungwa. Ndeshi alinisomea ujumbe ule tukiwa mezani, sauti haijatetereka, kisha akasema Angel amemchukulia nafasi yake. Mimi nikaendelea kula, kwa sababu ningejibu tungepigana.

Baada ya muda akauliza, kana kwamba halimhusu, kama Angel ameshapata pa kukaa kule.

"Amepata, Stafford, pembeni ya Houston," nikamwambia. "Nyumba ina vyumba viwili. Watu wengi wamekitaka kile cha pili, amewakatalia. Anasema anakungoja wewe mpaka mwakani, ukishafanya mtihani tena."

Ndeshi alifunika chakula chake, akakiweka kwenye friji, akaingia chumbani kwake.