Kondoo wa Mkuza Wanaokula kwa Magoti

Nilitoka Msimbu siku chache kabla ya Idd ya Kuchinja, kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza. Mimi si mtu wa maneno matupu. Nilianza kwa kubeba mkaa kichwani, darasani sikukaa, na leo nina nyumba ya bati na zizi langu. Basi barazani nikawaambia watu: mwaka huu nachinja dume la kondoo la shemeji yangu Athumani, aliyemwoa dada yangu kule Mkuza. Mkia wake kama mto wa kulalia!

Alfajiri nilipita Kisarawe. Masika yalikuwa hayajakata, njia yote tope, nami sikupumzika kama wanavyopumzika wengine. Magharibi ikanikuta Mkuza.

Asubuhi Athumani akanipeleka zizini. Nikaduwaa. Kondoo walikuwa wanakula majani wamepiga magoti ya mbele.

"Shemeji, hawa wanasali?"

"Wanamwomba Mungu usiwachinje."

Tukacheka. Kisha lile dume likajaribu kusimama, likaanguka. Harufu ya uozo ikanipiga puani. Dada yangu Zainabu akaushika mguu wa lile dume, akatanua vidole. Astaghfirullahi! Ngozi imechubuka, nyeupe, inatoa maji, na ukwato unaning'inia kama kucha inayotaka kung'oka. Nimeona mengi, hilo sijapata kuliona.

"Athumani aliwafungia humu masika yote," Zainabu akasema.

"Naogopa chui! Na miguu hii nilidhani ni jicho la watu."

"Bwana mifugo alikuambia nini? Ni vijidudu visivyoonekana. Ngozi ikilowa muda mrefu ikachubuka, vinaingia, halafu tope linavipeleka kwa mwingine."

Athumani akanivuta kando. "Lichukue tu, shemeji. Utalilaza chini siku ya kuchinja. Nani ataangalia mguu?"

"Mungu," nikamjibu. Mnyama kiwete hafai kuchinjwa Idd, hata mimi nisiyesoma najua.

Zainabu akatazama viatu vyangu vya ngozi. "Kaka, hilo tope usiwapelekee kondoo wako."

Nikavivua, nikamwachia, nikaosha miguu mpaka magotini.

Kurudi nilirudi peku. Kisarawe wakanicheka: "Mzee, dume liko wapi, na viatu umekula?" Nikakaza mwendo, maana zizi langu nalo lilikuwa tope tupu.

Nilipofika Msimbu sikuingia ndani. Nikainua mguu wa kondoo wa kwanza: mzima. Wa pili: mzima. Wa tatu nikatanua vidole vyake, nikaona ngozi imelowa, nyeupe, imeanza kuchubuka. Nikakaa palepale chini. Nilikuwa nimejisifu miaka yote kwamba nachagua kondoo kwa kushika mkia, na mguu sijawahi kuinua hata mmoja.

Yule nikamtenga. Waliobaki nikawahamishia mlimani pakavu, chui na aje, nitakesha naye. Idd nikachinja dume langu dogo lenye miguu mizima. Nyama haikutosha, watu wakanung'unika. Nikawaambia waje zizini, nikawafundisha kutanua vidole vya kondoo.