Vidonge vya Nywele Vilivyodanganya Mashine

Siku yangu ya kwanza maabara, ghorofa ya tatu ya jengo moja katikati ya jiji, nilipewa ndoo, fagio na onyo. Onyo lilitoka kwa Msimamizi wa Zamu, mtu mwenye sauti ya kuamsha wafu: "Kijana, hapa damu ndiyo inaongea. Wewe nyamaza." Nikanyamaza miaka saba, nikiosha chupa zisizopungua milioni moja, na jioni nikikimbilia masomo ya cheti, kisha ya diploma, nikisinzia darasani hadi mwalimu akanizoea kama dawati. Nilipovaa koti jeupe hatimaye, lile onyo lilipanda cheo pamoja nami: fundi wa maabara hazungumzi na mgonjwa. Anatoa damu, anapima, anapeleka majibu kwa daktari. Basi.

Niliwekwa kwenye meza ya homoni, na hapo nikazeekea. Niwaeleze kidogo ninyi vijana, maana kila wiki mtu ananisimamisha hapa mtaani Woodley na picha ya majibu kwenye simu, akitaka nimsomee majibu hayo katikati ya barabara nikiwa nimebeba sukuma wiki.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya koo, na homoni yake ndiyo huamua mwili uende kwa mwendo gani. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, nyapara wake, anayeituma kazi kwa homoni tunayoiandika TSH. Tezi ya koo ikizembea, nyapara anapaza sauti: TSH inapanda. Ikizidisha, ananyamaza: TSH inashuka. Kwa hiyo TSH ya juu kwa kawaida ni dalili ya tezi iliyolegea. Nimesema hivi mara elfu kumi, na bado mtu ataniambia kwa fahari kwamba yake iko juu, kama aliyeongoza darasa. Pamoja nayo tunapima T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi iliyo tayari kutumika. Daktari husoma zote mbili, kisha amwangalie mgonjwa. Wengine husahau hiyo sehemu ya mwisho.

Sasa Loice. Alikuwa msusi, mwenye kibanda cha saluni ghorofani, jengo la pili kutoka kwetu. Daktari wa Homoni, aliyekuwa na kliniki yake upande wa Loresho, alimkuta na tezi iliyolegea, akamwanzishia levothairoksini, ambayo ni homoni ile ile ya tezi, ila ya kidonge. Mwanzoni akapata nafuu. Miezi michache baadaye nikampima tena: TSH imelala chini kabisa, T4 iko juu. Karatasi ikasema dawa imezidi. Daktari akapunguza. Wiki sita zikapita, akarudi, na namba zikawa zimezidi kuharibika upande ule ule. Daktari akapunguza tena.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa natafuta mshipa wake. Karatasi inasema mwili huu unakimbia kama pikipiki isiyo na breki, na mwenye mwili amevaa sweta mbili kwenye jua la Februari, uso umevimba, sauti imekuwa nzito, amesinzia na sindano mkononi. Nywele zilikuwa zinamtoka kwa mafungu. Alinieleza, bila kuulizwa, kwamba vidole vimekuwa vizito, kichwa alichokuwa akikisuka kwa saa tatu sasa kinamaliza siku nzima, na wateja wakiona kichwa chake mwenyewe wanakumbuka wana haraka. Hali ikiendelea hivyo, alisema, atafunga kibanda mwisho wa mwezi arudi nyumbani Kakamega.

Nikampelekea Mkuu wa Maabara shaka yangu. Alikuwa mama mmoja mkali, hapepesi macho. Aliniambia, "Mashine imepita ukaguzi asubuhi. Wewe umepita ukaguzi gani?" Nikarudi mezani nikiwa nimenyooka kama shati lililopigwa pasi.

Loice alipokuja mara ya tatu, nikaivunja ile sheria. Fomu yake ilikuwa na swali la dawa nyingine, na yeye kama kawaida alikuwa ameandika hakuna. Nikaiweka kando.

"Dada, tangu uamke leo, ni nini na nini kimeingia mdomoni?"

"Kidonge cha tezi na maji. Nikangoja saa nzima ndio nikanywa chai, vile tuliambiwa."

"Na kingine?"

"Hakuna, daktari. Labda hizi vitamini tu za nywele."

"Ngapi?"

"Tano. Chupa inasema moja, lakini si unaona hii kichwa?"

Mimi si daktari, lakini Nairobi ukivaa koti jeupe umeshakuwa daktari. Akatoa mkobani kopo kubwa kama la mafuta ya kupikia, lile lile alilowauzia wateja wake. Mbele, kwa herufi za kuonekana kutoka Kangemi: biotini.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mashine nyingi za homoni, yetu ikiwemo, hunasa homoni kwa kutumia ndoano za biotini. Damu ikijaa biotini ya kopo, ndoano zinavurugika: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo, na T4 juu kuliko ilivyo. Ni picha kamili ya mtu aliyezidishiwa dawa. Basi daktari anapunguza dawa, nywele zinazidi kutoka, Loice anaongeza vidonge vya nywele, na mashine inazidi kusema uongo. Watu wazima wenye vyeti ukutani tulikuwa tunamzungusha mama wa watu kama mashine ya kusaga posho. Wala sikumlaumu yeye. Kwake dawa ni ile unayopewa na daktari. Vitamini ni chakula. Kama ni kulaumu, tungeanza na fomu yetu.

Mkuu wa Maabara alishika lile kopo, akalisoma pande zote, kisha akainua simu mwenyewe. Kwa daktari alisema sentensi ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake kabla wala baada: "Tumekupa majibu ya uongo mara mbili." Alipoikata, akanigeukia. "Kaa na huyo mama umweleze yote. Na siku nyingine ukitaka kuvunja sheria, uniite niwepo."

Loice aliacha vidonge vya nywele wiki nzima, tukampima upya, na sehemu ya damu tukaipeleka maabara nyingine yenye mashine isiyotumia zile ndoano. Majibu yakakubaliana. TSH ilikuwa juu sana. Nyapara alikuwa anapiga kelele hadi Naivasha. Daktari akamrudishia dawa kwa kufuata uzito wake, akampima baada ya wiki sita, maana TSH haitulii haraka, akarekebisha kidogo, akampima tena. Kibanda hakikufungwa. Vidole vilirudi kwanza, nywele zikafuata taratibu, fupi lakini zake.

Siku niliyostaafu, wenzangu wakiwa wananingoja na keki, Loice akaingia akiwa amemshika mkono mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na kitu. Mama alikuwa anachoka sana, Loice akaniambia kwa furaha, kwa hivyo amekuwa akimgawia vidonge vyake vya tezi, kwani yeye si vimemsaidia? Bibi mwenyewe alikuwa anahema, moyo unamdunda shingoni naona. Keki waliila bila mimi. Niliwapeleka mimi mwenyewe kwa daktari, nikifoka njia nzima.

Daktari aliuangalia moyo kwanza, akasimamisha vidonge vya kuazimwa, na wiki sita baadaye akampima. Kweli, tezi ya bibi nayo ilikuwa imelegea. Lakini moyo wa umri ule haushtuliwi. Akaanzishwa robo ya kipimo cha binti yake, kipandishwe polepole akiangaliwa. Wanaishi nyumba moja, wanakula ugali mmoja, na kila mmoja ana chupa yake ya dawa.

Hicho ndicho nilichoshindwa kukiingiza vichwani mwa watu, kazini na hata sasa. Bibi hunipigia simu kila baada ya kanisa. "Loice anapewa kubwa, na mimi niliyemzaa napewa kama ya sungura. Nimewakosea nini?" Namweleza tangu mwanzo: moyo, umri, uzito, damu yake si damu ya Loice. Ananisikiliza mpaka mwisho, ananishukuru sana, kisha ananiuliza kama siwezi kumwongelea kwa daktari aongezewe nusu tu.